Kuupigia Mwezi Debe

Mwaka 2009, usiku wa sikukuu ya taa ya Wachina, nilipanda juu ya paa la nyumba niliyopanga chumba pale mtaa wa Xiaobei, nchini kwao, simu sikioni, sufuria na mwiko wake kwapani. Sufuria ilikuwa sampuli. Nilikuwa nanunua vyombo vya jikoni kupeleka Tanga. Mwanafunzi mmoja wa kwetu alikuwa ametuambia mgahawani kwamba usiku ule mwezi utapatwa, ila kwa kivuli cha pembeni tu, hafifu, na mtu asipokaza macho hataona kitu. Nilifurahi kupita kiasi, maana nilikuwa nimepata kisingizio cha kumtoa mdogo wangu chumbani.

Yeye alikuwa anasomea mambo ya samaki kaskazini kabisa mwa Norwei, kule ambako jua hupotea Novemba na kurudi Januari. Jua lilikuwa limesharudi, lakini yeye hakurudi nalo. Alitoka darasani akaingia chumbani, akajifungia. Jengo zima limejaa wanafunzi, na hakumjua hata mmoja kwa jina. Wiki ile aliniambia amekwishakata tiketi: Ijumaa anarudi nyumbani, na masomo basi. Nilimfokea, nikalia, kisha nikamfokea tena.

"Toka nje uutazame mwezi," nikamwambia sasa.

"Dada, huku ni alasiri."

"Alasiri ndiyo mwezi hautoki?"

Nikasikia zipu ya koti, mlango, halafu viatu vikikanyaga theluji.

"Upo," akasema. "Ndiyo kwanza unachomoza, umekaa juu ya mlima. Mkubwa huo."

"Tazama upande wa juu. Ni kama kioo cha kandili kikianza kushika moshi."

Kwangu ule moshi ulishaonekana, nami nilikuwa narukaruka peke yangu juu ya paa, mtu mzima na akili zangu.

"Siuoni," akasema. "Mwezi mzima tu. Haujapatwa, dada. Niliyepatwa ni mimi."

Nikakumbuka kwetu utotoni. Mwezi ukipatwa, mtaa mzima tulitoka na madebe na masufuria, tukapiga mpaka uachiwe, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kurudi ndani.

"Kama uliyepatwa ni wewe," nikamwambia, "ngoja nikupigie debe."

Nikaiweka simu chini, nikaitwanga ile sampuli kwa mwiko. Mama mwenye nyumba akapanda ngazi mbio. "Bu yao, bu yao," akasema, yaani sitaki, neno tulilozoea kuambiwa sokoni tukikazana kushusha bei. Nikamwonyesha mwezi. Aliutazama sana, akacheka, akashuka, akarudi na bakuli la vitonge vitamu vya unga wa mchele, vya sikukuu. Kumbe hata kwao mwezi ukiliwa hupigiwa vyombo.

Nilipookota simu, huko nako kelele tupu. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kuchukua sufuria yake, anaipiga kwenye theluji na kucheka, anasema ameuona moshi, upande wa juu kweli. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aondoke nyumbani.

"Dada, watu wamefungua madirisha. Wananitazama."

"Waache watazame. Wewe piga."

Akapiga. Halafu nikasikia mlio mwingine, mzito zaidi, usiokwenda sawa na wake.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Sijui. Ametoka na sufuria yake. Ngoja nimuulize jina."

Akakata simu. Ijumaa nilimpigia nikiwa nimejiandaa kwa maneno yote ya dunia. Akapokea, nyuma yake sauti za watu na vijiko.

"Dada," akasema, "nitakupigia baadaye. Nina wageni humu chumbani."