Mkoba wa Baba Msibani Kabungu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, zahanati nyingi za vijijini kwetu Mpanda hazikuwa na simu; ziliwasiliana na hospitali ya wilaya kwa redio za upepo. Baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wa redio hizo. Cheti chake cha ufundi kilikuwa na ukomo: kila baada ya miaka kadhaa alipaswa kwenda Tabora kufanya mtihani, cheti cha zamani kikiwa mkononi na hakijaisha muda, la sivyo hakuruhusiwa tena kugusa mtambo wowote. Safari hiyo ilitegemea treni, ambayo wakati wa masika ilipita kwa nadra, kwa sababu maji yalikuwa yakiizoa reli.

Mwaka ambao cheti kilikuwa kinakaribia kwisha muda, mama yake baba alifariki huko Kabungu. Tulimzika asubuhi ya siku ya treni. Wazee wa ukoo walikuwa wamemruhusu baba aondoke mara baada ya maziko, na lori la tumbaku lilimngoja barabarani. Tuliporudi kutoka makaburini, mkoba wake wenye cheti ulikuwa umekaliwa na mtani wa ukoo wetu, mama wa makamo.

"Mwoneni mfiwa! Udongo haujakauka, yeye anakimbilia Tabora kuoa!"

"Mama, nina mtihani."

"Mtihani, na mvi hizo? Nyie, mmewahi kuona mwanafunzi babu? Nileteeni jogoo, nimwachie daftari zake."

Waombolezaji walicheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na mfiwa hana ruhusa ya kumkasirikia wala kumnyang'anya kitu. Baba naye alicheka. Mimi, niliyekuwa likizo kutoka chuoni na nimesimama kando yake, nilimwona akigeuka kila mara kuliangalia lori barabarani. Jogoo alikimbizwa mihogoni kwa muda mrefu. Alipokamatwa, lori lilikuwa limekwishaondoka. Baba aliazima baiskeli, akafika stesheni akakuta reli tupu.

Jioni mtani aliposikia, alilia kuliko alivyomlilia marehemu.

"Mbona hukunifokea, mwanangu?"

"Nikufokee wewe? Kwenye msiba wa mama?"

Cheti kikaisha muda wake kabla ya treni iliyofuata. Redio za zahanati alikabidhiwa fundi mwingine kutoka Tabora, na baba akahamia Kakese kulima mahindi.