Zamu Asiyopangiwa

Mama Pacha alikuwa mfungashaji wa mikate katika kiwanda kilichompa zamu chache kwa juma, kisha kikamtaka juma zima. Siku asizopangiwa, msimamizi alimtaka aketi katika chumba cha kubadilishia nguo, kofia kichwani na glavu mikononi, angoje kama kuna mwenzake atakayeugua. Asipougua mtu, alirudi nyumbani mikono mitupu, na nauli imekwenda na maji. Kungoja huko hakukuwa na malipo hata chembe. Kiwandani waliuita utaratibu; mtu mwenye haya angeuita unyang'anyi.

Nao pacha wake walikula kama mchwa. Basi akamwendea mume wa dada yake, dobi wa mtaa wa nyuma, kuomba kibarua katika siku hizo za kungoja bure.

"Asubuhi tu, shemeji," dobi akamwambia. "Na hapa hatukai tukatazamana. Pasi haitaki umbea."

"Wewe nipe pasi. Umbea ataniletea mkeo."

Akanyoosha mashuka na mashati kwa majuma kadhaa, na kiwandani hakuugua mtu. Siku alipougua mmoja, msimamizi alikikuta chumba kitupu. Akauliza, akaelekezwa, akaja mwenyewe hadi kwa dobi.

"Mama Pacha, unatufanyia nini?"

"Napiga pasi, bosi. Kwani leo nilikuwa na zamu?"

"Hukuwa nayo. Lakini ungeweza kuwa nayo."

"Basi hata ujira wa leo ungeweza kuwapo."

Dobi alikohoa kuficha kicheko. Msimamizi hakuona la kuchekesha. Alimtaka achague: ama aache kibarua hicho na kurudi kungoja, ama asionekane tena langoni.

"Nikikaa kungoja, utanilipa?"

"Nani analipwa kwa kukaa?"

"Wewe, bosi," Mama Pacha akajibu, akageuza shuka upande wa pili.

Mchana huohuo alirudisha sare ya kiwanda, imefuliwa na kunyooshwa vizuri, maana hakutaka waseme neno. Sasa pasi ndiyo ikawa kazi ya kwanza, na ya pili ilimpasa kuitafuta upya. Akaingia katika hoteli iliyokuwa jirani. Mpokeaji wageni akamwambia kwamba kazi zipo, za zamu, ila awe tayari kuitwa saa yoyote.

"Na nisipoitwa?"

"Unangoja, mama."

Mama Pacha aliaga kwa adabu, akavuka barabara, akabisha mlango mwingine.