Mtia Wino na Mazishi Mawili

Lowell Pruitt alikuwa mtia wino wa vitabu vya katuni jijini New York. Mwenzake alichora kwa penseli, yeye akapitisha brashi juu ya mistari. Tangu ujana alikuwa akiwatia wino Wang'avu, mashujaa waliozaliwa na mwanga chini ya ngozi, ambao majirani waliwatemea mate na wazazi wao wenyewe waliwafukuza nyumbani.

Mhariri wake, Sid Brannigan, aliwapenda Wang'avu kufa. "Wamekosa nini, masikini? Si ndivyo walivyozaliwa!" alisema huku machozi yakimlengalenga. Kisha, kahawa haijapoa, alianza mizaha yake ya mashoga na UKIMWI wao, na ofisi nzima ikavunjika mbavu. Sijui moyo wa namna hiyo hutengenezwa wapi. Lowell naye alicheka, maana kazi alikuwa akiihitaji.

Vuli ya mwaka 1986 Curtis alifariki, baada ya kuishi na Lowell miaka mingi. Ndugu za Curtis walikuja kutoka Ohio wakauchukua mwili, wakasema mazishi ni Ijumaa na ni ya familia tu. Lowell aliazimia kwenda hivyo hivyo, japo asimame mbali na kumuaga kwa macho.

"Bosi, naomba ruhusa Ijumaa. Nimefiwa."

"Lo, pole sana ndugu yangu! Umefiwa na nani?"

"Na... mpangaji mwenzangu."

"Mpangaji! Nikadhani mama. Sikiliza bwana, kurasa za mazishi ya shujaa wetu Miale zinakwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa hiyo hiyo. Mpangaji utapata mwingine."

Lowell akarudi mezani kwake.

Ijumaa ikafika. Saa ile Curtis anateremshwa kaburini, Lowell alikuwa akilitia wino jeneza la Miale, shujaa mpendwa kuliko wote. Katika picha ya mwisho, mwandani wa Miale amesimama nje ya uzio wa makaburi, kwa kuwa familia imemkataza kuingia. Sid ndiye aliyelibuni hilo, hana hili wala lile. Chozi la Lowell likaangukia karatasi, wino ukatambaa.

Sid alimkuta hivyo, akamshika bega kwa huruma.

"Mzee mzima unalilia katuni! Usijali, Machi tunamfufua. Tangu lini shujaa wetu akakaa kaburini?"

"Wangu hafufuki, Sid."

"Wako nani?"

"Curtis. Hakuwa mpangaji. Alikuwa mume wangu, na wanamzika sasa hivi."

Sid aliuondoa mkono wake begani. Aliutazama, akatoka kwenda kunawa, na maji yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu. Aliporudi aliishia mlangoni.

"Malizia hiyo picha," alisema, "halafu ukusanye vitu vyako."

Lowell akachovya brashi, akaumalizia uzio.