Laptopu Iliyopanda Mgeta

Enzi zetu, sisi watoto wa Kiluguru tuliokulia Mafiga, mjini Morogoro, baba ndiye aliyelipa ada lakini mwenye watoto alikuwa mjomba. Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mtu wa kujiamini mbele ya ubao, ila akiulizwa jambo zito kuhusu sisi alicheka na kusema, "Mimi hapa mpangaji tu. Mwenye nyumba yuko Mgeta." Mwenye nyumba huyo alikuwa Mjomba Damiani, kaka mkubwa wa mama, mkulima wa karoti na njegere huko juu kwenye baridi. Iwe ni ubatizo, shule ya bweni au jino lililogoma kung'oka, mama alikuwa na swali lake moja: "Mjomba wenu anajua?"

Tulikuwa watoto wa vumbi. Jioni tulicheza kombolela mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina yote mawili, na hapo ulijua ukichelewa tena utachapwa mpaka ulale kifudifudi. Magari yetu yalikuwa ya waya, matairi yake yalikatwa kwenye kandambili zilizokwisha kazi. Shuleni tulikwenda na dumu la maji mkono huu na ufagio mkono ule. Asubuhi za mwezi wa sita milima ilijifunika ukungu mpaka shingoni, na lori la Mgeta likishuka ulilijua kwa harufu ya kabeji na udongo mbichi kabla hujaliona. Mjomba akiwa ndani ya lori hilo, mchana tulikula njegere za nazi, na baba alivaa shati la mikono mirefu akiwa nyumbani kwake mwenyewe.

Mjomba alikuwa mpole, lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: chombo hakitembei kitupu. Ukimpelekea sufuria la wali, lilirudi na plamu. Ukisahau ndoo kwake, ilikufuata mjini imejaa viazi. Mama naye alitulea hivyo hivyo, na mpaka leo siwezi kumrudishia jirani bakuli lake bila kuweka walau nyanya mbili ndani. Mke wangu, ambaye si wa huku, alishachoka kunishangaa.

Sasa katika enzi hizo, miaka ishirini na kitu iliyopita, dada yangu Pelagia alimaliza kidato cha sita akawa anasubiri kwenda chuo. Wenzake walijifunza kusuka. Yeye alishinda kwenye intaneti kafe ya Kaka Rashidi, chumba kimoja chenye joto la tanuri na kibodi zilizofutika herufi. Kompyuta za Rashidi zilikuwa chakavu, nyingine zilifungwa kwa kamba. Siku hizo flashi zilizunguka kutoka steshenari hadi steshenari zikigawa virusi bila upendeleo, na mtu aliweza kuandika barua ya kazi asubuhi na jioni asiione tena. Rashidi alichoka na magonjwa hayo akaweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye mashine zake zote, kutoka kwenye CD zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta. Mtaani walimhofia kidogo, maana ni nani anatumiwa mzigo kutoka Ulaya bila kulipa.

Pelagia aliipenda Linux kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Alirudi nyumbani akitusimulia amri alizoandika na mashine ilivyomjibu, nami nilimsikiliza mdomo wazi bila kuelewa hata nusu. Barua ya chuo ilipofika, mjomba akatuma neno kwa dereva wa lori: karoti mwaka huo zilikubali, mtoto atanunuliwa laptopu.

Ndipo nyumba ilipogawanyika. Baba alitaka Windows. "Ofisi zote za mji huu zina Windows," alisema huku akimenya chungwa kwa kisu, maganda yanatoka mzunguko mmoja bila kukatika. "Au unataka mji mzima ukufuate wewe?"

"Baba, hiyo naitumia tu," Pelagia alijibu. "Hii nyingine naifungua nione ndani inavyofanya kazi. Ndicho ninachokwenda kusomea."

"Utakula hayo ya ndani?"

Walibishana hivyo jioni nyingi, kwa heshima lakini bila kupumzika, na ugali ukapoa mara kadhaa kwa sababu yao. Mama aliwaacha waseme wee, kisha akauliza swali lake. Kesho yake neno likapanda Mgeta na lori.

Mjomba alishuka na lori akiwa na koti lake la misa. Tukaenda wote dukani kwa Mama Nasrini, duka la redio na cherehani ambalo familia yake ilikuwa nalo tangu kwa babu yake. Mjomba alikuwa mteja wake wa siku nyingi wa betri za redio.

"Karibu, Mzee Damiani. Mgeta baridi?"

"Baridi ipo, mama, haijaenda popote. Nimemleta mwanangu, anakwenda chuo."

Mama Nasrini akaweka laptopu mbili juu ya kioo cha kaunta. Zilifanana kabisa. "Hii ina Windows ndani, ukiwasha unaanza kazi. Hii ya pili bei yake ni nafuu, haina kitu. Mwenyewe ataweka anachotaka."

"Hiyo ya pili, mjomba," Pelagia alisema haraka. "Nitaweka Linux."

Mjomba akainyanyua ile ya pili kwa mikono miwili, akaipima uzito kama anavyopima kabeji. "Haina kitu?"

"Haina," Mama Nasrini alisema.

Akairudisha taratibu. "Mwanangu haendi ugenini na chombo kitupu."

Pelagia akafungua mdomo. Mama akamtazama, naye akaufunga. Baba alikuwa akisoma kwa makini sana karatasi ya maelekezo ya pasi iliyokuwa pale kaunta, lakini mimi nilikuwa mfupi na niliona kutoka chini kwamba anatabasamu. Tukatoka na Windows.

Dada yangu hakununa, ila alifikiri njia yake. Alijua kwamba mashine moja inaweza kubeba mifumo yote miwili, kila mmoja na chumba chake, na ukiwasha inakuuliza unataka upi. Hivyo mjomba atakuwa ametiiwa na yeye atakuwa amepata chake. Alipaswa kumsubiri Rashidi aliyekuwa amekwenda Dar kutafuta vipuri. Hakusubiri. Alasiri moja alitia CD, nami nikiwa pembeni natafuna muwa, mashine ikamuuliza swali refu la Kiingereza, akalijibu kwa kujiamini kuliko inavyofaa. Ilipowaka upya Linux ilikuwa imekaa nyumba nzima. Windows haikuwepo chumba chochote.

Baba aliporudi na kuambiwa, aliketi bila kuvua viatu. "Umefuta zawadi ya mjomba wako," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Vijana wa leo wanaweza wasielewe uzito wake, kwa hiyo niseme. Kwetu mtoto hasafiri na kinyongo cha mjomba. Ukiondoka bila radhi yake, basi ukiugua, ukifeli, ukiibiwa begi stendi, watu wanajua ilikoanzia. Pelagia alikuwa amebakiza wiki moja aondoke. Kwa mara ya kwanza nilimwona dada yangu, ambaye hata giza la chooni hakuliogopa, amejikunja kitandani analia kwenye mto.

Rashidi aliporudi akaleta dawa rahisi. "Nairudisha Windows sasa hivi, nusu saa tu. Mzee hatajua."

"Nusu saa?" Baba aliuliza, na nikaona kabisa hesabu inampendeza.

"Mjomba hadanganywi," mama alisema. "Atakwenda kumwambia kwa mdomo wake. Na hiyo laptopu yake ataibeba, akaione ilivyo."

Tukapanda na lori lililorudi Mgeta, Pelagia mbele na laptopu iliyozungushiwa blanketi la kitanda changu, mimi nyuma na makreti matupu. Barabara ilipoishia tukashika njia ya miguu, ile inayokufanya uongee na magoti yako. Chini yetu matuta ya mboga yalishuka ngazi kwa ngazi mpaka bondeni. Ubaridi ulinifuata ndani ya mikono ya sweta. Nilipoteleza Pelagia hakunicheka, na hapo nikajua kweli ana hofu.

Tulimkuta mjomba kijitoni anaosha karoti pamoja na mkewe. Pelagia akapiga goti palepale kwenye matope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna, mjomba. Ile Windows uliyoichagua nimeifuta. Nilitaka kuweka zote mbili, nikakosea."

Maji yalipita, karoti moja ikaponyoka, mke wa mjomba akaidaka. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya blanketi kama vile laptopu ingekimbia.

"Kwa hiyo sasa ni tupu," mjomba alisema.

"Si tupu. Imejaa. Nimeijaza mwenyewe."

Akainua macho. "Wewe?"

"Mimi, mjomba."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Hebu tuione."

Tukakaa barazani kwake. Umeme haukuwa umefika huko, lakini chaji ilikuwepo. Pelagia akaiwasha, na pale alipoanza kuandika amri zake na maandishi kupanda kwenye kioo, hofu ilimtoka usoni. Akasahau kwamba anahukumiwa. Akamweleza mjomba hiki kinafanya nini na kile kinakwenda wapi, kwa kasi, kama alivyotueleza sisi jioni za Mafiga. Mjomba hakuelewa, naapa hakuelewa, lakini hakuangalia kioo hata kidogo. Alikuwa anamwangalia yeye.

"Na ile nyingine?" aliuliza alipomaliza. "Ikihitajika huko chuoni?"

"Nitajifunza kuirudisha mwenyewe. Vizuri, safari hii."

"Basi mimi nilikosea kule dukani," mjomba alisema, mbele ya mkewe na mbele yangu mimi mtoto. "Nilimwuliza mwenye duka kuhusu chombo. Wewe sikukuuliza kitu."

Akamwekea mkono kichwani, mkono ulionuka karoti, akamwambia aende salama asome. Pelagia akalia tena, kilio kingine kabisa. Nami nikalia kwa kumfuatisha, mke wa mjomba akanipa kiazi nikanyamaza. Jioni ile majirani walikuja wote kuandikiwa majina kwenye kompyuta, na chaji ilikwisha wakati bibi mmoja ameketi sawasawa anasubiri zamu yake. Alituambia turudi na ile mashine ikiwa imeshiba.

Pelagia siku hizi yuko Dodoma na anaishi kwa kazi ya kompyuta, Windows kwa Linux, zote anazipanga anavyotaka. Mjomba Damiani amelala kwenye makaburi ya misheni, mahali ambapo ukungu unashuka mapema. Laptopu ile ilikufa zamani, kwa uzee.

Vijana wa sasa nawapenda, ila wananifurahisha. Mtoto akitaka laptopu anatazama video za watu wasiomjua, wakifungua maboksi kwa upole kuliko wanavyofungua milango ya nyumbani kwao. Anajua kasi yake, anajua kioo chake, anataka yenye alama ya tunda lililoumwa kwa sababu inatokea vizuri kwenye picha akiwa kwenye mgahawa. Sisi tulibishana mpaka ugali ukapoa. Wao wanabishana na wageni wa mtandaoni usiku kucha, na baba yao yuko chumba cha pili hajui kama kuna ununuzi.

Mimi sasa naishi Bigwa, nina bustani ndogo, na zaidi ya yote mimi ni mjomba. Niliposikia kwamba Edina, binti wa Pelagia, anaanza chuo hapahapa Morogoro na anatafuta laptopu, sikumwambia mtu lakini nilijiandaa. Nilimsumbua fundi wa ofisini kwetu mpaka akaanza kunikwepa. Nilijua Mac inakaa na chaji kutwa lakini inatoboa mfuko. Windows inaingia kila ofisi. Linux inampendeza anayetaka kujua. Nilijua pia la kufanya kuliko yote hayo: nitamuuliza yeye kwanza. Nikasubiri simu. Hata nikiwa namwagilia mchicha simu ilikuwa mfukoni, sauti juu.

Ikaita juzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za laptopu?"

"Ah, mbona nimeshanunua. Nimeagiza mtandaoni, bodaboda kaileta mpaka getini. Mac, mjomba. Kali sana."

Nilimpongeza, na nilimpongeza kwa moyo, maana niliposikia maelezo yake nilikuta amechagua vizuri kuliko ambavyo ningemshauri. Lakini iliniuma, siwezi kuficha. Nikakohoa kidogo, nikamwambia basi Jumapili ailete hapa Bigwa, si mbali, tule pamoja na mimi niione.



"Mjomba," akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee asisumbuke, "si nikutumie tu picha?"