Mhariri Anayewapigia Wafiwa

Mhariri wa zamu ana kidole chenye sugu, kile cha kubonyezea simu ya mezani. Taarifa ya kifo haipiti kwake kabla hajawapigia wafiwa, hata kama dada wa tovuti ya gazeti amesimama nyuma yake akilalama, “Mzee, wenzetu wamesharusha habari. Tunaachwa.” Yeye husonya, hupandisha miwani, hubonyeza tena. Leo alipopiga nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyetangazwa kufariki, aliyepokea ni huyo “marehemu” mwenyewe. “Kijana, mimi nipo, ila uani kwangu watu wanalia na hawataki kunisikiliza.” Mhariri akamwomba radhi, akakata, akageuka.

“Yu hai.”

Dada wa tovuti akakuna kichwa. “Basi turushe kwamba amefufuka?”

Mhariri akabonyeza namba ile ile, akamkabidhi mkonga wa simu. “Muulize mwenyewe.”