Trela Lililojaa Makufuli

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua makufuli kabla sijajifunza namna ya kumfunga farasi.

Nalitaja mapema kwa sababu najijua. Nikiliacha hadi mwisho nitalipunguza uzito, niseme kamba ilikuwa mbaya au barabara iliteleza. Kamba ilikuwa nzuri na barabara ilikuwa kavu.

Nimezaliwa upande wa Gakindu, huku Mukurweini, ambako kila boma lina kahawa, banda la ng'ombe wa maziwa na mteremko wa kuchosha magoti. Farasi hatuna. Niliwafahamu Nanyuki, nilikoenda kutafuta kazi baada ya shule, nikaajiriwa kuwaongoza farasi waliobeba wageni wa hoteli. Hakuna aliyenifundisha rasmi. Niliangalia wenzangu, nikatazama video kwenye simu, na kile nilichokosa kuelewa nilikirudia hadi wenzangu wakachoka kuniona. Mimi ni mtu wa kufunga mlango wa banda, kuondoka, kisha kurudi kuuangalia. Wakati mwingine narudi tena kuangalia kama nilipouangalia sikuufungua.

Mama mmoja mwenye shamba nje ya Nanyuki alikuwa akiacha biashara ya farasi. Aliniachia farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia, mpole, aliyezoea watoto, pamoja na trela lake kuukuu. Alinipa sharti moja tu, huku akimpapasa shingo: "Akianza kuogopa, unirudishie. Amezeeka, hafai kuogopeshwa."

Nilimwahidi. Nilikuwa na mpango wangu tayari. Kuna shule ya watoto wenye ulemavu mjini Nyeri ambayo mwalimu mkuu wake alikuwa amewaona watoto wakipanda farasi Nanyuki, akaona jinsi mtoto anayejikunja kwenye kiti anavyojinyoosha akikaa juu ya mnyama anayetembea. Tulikubaliana niwe nampeleka farasi huyo shuleni kila Jumamosi. Farasi angekaa kwetu, na trela lingevutwa na pikapu ya dada yangu mkubwa, anayebeba mboga na maparachichi hadi soko la Karatina na anayejua kuendesha kuliko mtu yeyote nyumbani.

Trela lilipofika bomani, likivutwa na gari la yule mama wa Nanyuki na farasi akiwa ndani, mama yangu alilizunguka mikono ikiwa nyuma. "Baba," akaniambia, maana ndivyo akina mama wa kwetu wanavyowaita vijana wao, "hii kitu itaibiwa."

Hakuwa akitania. Kwetu ng'ombe huibiwa, kahawa huibiwa ikiwa bado mbichi, betri za gari huibiwa mwenye gari akiwa kanisani. Mtu anayejali mali yake huonekana kwa kufuli lake. Basi nikaanza kununua. Nilinunua kufuli la shingo ya trela, ili mtu asije akaliunganisha na gari lake akaondoka nalo. Nikanunua chuma cha kubana gurudumu, kile cha rangi ya njano kinachoonekana kutoka mbali. Hivyo viwili vilikuwa na maana na bado ninavyo. Lakini sikujua pa kukomea. Nikaweka makufuli kwenye mlango wa nyuma, ule unaoshuka ukawa daraja la farasi, upande wa kulia na wa kushoto. Nikaweka kwenye mlango mdogo wa mbele. Nikaweka kwenye gurudumu la akiba. Yote nilinunua ya aina moja kwa sababu nilipenda yafanane, na funguo zake pia zikafanana.

Dada yangu aliniangalia asubuhi ya safari ya kwanza nikifunga na kujaribu, kufunga na kujaribu. "Ukishamaliza kufunga zote," akasema, "Jumamosi itakuwa imeisha."

Tulikuwa hatujafika mbali. Tulikuwa tukishuka mteremko, na lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla. Dada yangu alishika breki, wala si kwa nguvu sana. Tukasikia kishindo nyuma, kisha mateke, kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwa farasi huyo. Dada akaegesha kando ya barabara na kurukia mawe ya kuweka mbele ya magurudumu, kwa kuwa katika ununuzi wangu wote sikuwa nimekumbuka kabari. Mimi nilikimbia na rundo la funguo.

Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia na kukataa kugeuka. Dada aliniuliza ni upi, nikamwambia sijui, na hiyo ndiyo sentensi inayoniumiza hadi leo: nilivyokuwa mtu wa kuangalia kila kitu, nilikuwa sijui. Hatimaye mlango mdogo wa mbele ukafunguka. Farasi alikuwa ameteleza kwa miguu ya nyuma, amekaa karibu chini, na kichwa chake kinaning'inia kwenye kamba niliyoifunga kwenye pete ya chuma.

Nilikuwa nimemfunga kama tunavyofunga ng'ombe. Fundo la ng'ombe la kwetu linakazwa na mnyama mwenyewe. Akivuta linabana zaidi, ili asiingie kwenye mahindi ya jirani. Nililijua tangu utotoni na mikono yangu ilikuwa imelifunga bila kuniuliza. Sasa uzito wote wa farasi ulikuwa umelikaza, na kucha zangu hazikupata pa kushika. Dada yangu alinisukuma kando. Alikuwa na panga la kukatia nepia, majani ya ng'ombe, lile linalokaa chini ya kiti cha pikapu siku zote. Akaikata kamba. Farasi akaanguka, akapapatika, akasimama, akatetemeka mwili mzima.

Alikuwa amechubuka goti na nyuma ya masikio tu. Dada alimtazama muda mrefu kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe uliogopea trela," akasema. "Huyu hukumuogopea."

Tulimshusha na nikamrudisha nyumbani kwa miguu, yeye dada akitangulia na trela tupu. Lilipopita kwenye shimo likagonga, na farasi akaruka pembeni, karibu anikanyage. Nilidhani anakumbuka kuanguka. Sikufikiria zaidi.

Siku zilizofuata goti likapona, lakini trela akalikataa. Alifika kwenye mlango, akapanda miguu yake ardhini kama nguzo, akapumua kwa nguvu. Nilimpa majani ya viazi vitamu, karoti, molasi. Nilinunua mpira wa kutandika sakafuni asiteleze, kitu ambacho ningenunua kabla ya kufuli lolote. Alikula karoti na kurudi nyuma. Mwalimu mkuu aliniambia kwa simu, kwa upole, kwamba watoto wanamuulizia farasi, na kwamba angenisubiri hadi shule zifungwe. Baada ya hapo angepanga shughuli nyingine. Nami nilikuwa na lile sharti la mama wa Nanyuki kifuani. Farasi alikuwa ameanza kuogopa. Nilipaswa kumrudisha, na hata kumrudisha ingebidi aingie kwenye trela.

Nilifikiri kuhusu jambo hilo mpaka nikakosa hamu ya kula. Ndipo nikapata wazo ambalo sijawahi kulieleza vizuri kwa mtu bila kuchekwa. Nilimwomba dada aniweke mimi ndani ya trela na kulivuta. Si barabarani, kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa, ambako msimu ulikuwa umeisha na hakukuwa na watu.

"Ati nikubebe kama farasi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na nikufunge kamba?"

Nikamwambia akiona inafaa. Alicheka mpaka akaegemea pikapu, kisha akakubali, kwa sababu dada yangu hunidhihaki kwanza halafu hunisaidia.

Nilisimama pale anaposimama farasi, uso mbele, na mlango wa nyuma ukafungwa. Tulipoanza tu kusogea nikaelewa. Makufuli mawili ya mlango wa nyuma yalikuwa yakigonga chuma kila gurudumu lilipopita kwenye kokoto, moja baada ya lingine, kama mtu anayepiga bati kwa nyundo karibu na matako yako na humwoni. Kwa nje sauti hiyo ilikuwa ndogo. Ndani ilijaa kila mahali. Chini yangu mnyororo wa usalama, niliouacha mrefu, ulikuwa ukikwaruza. Na mbele, kila dada alipoongeza au kupunguza mwendo, trela lilinipiga msukumo mdogo, kwa sababu kikombe cha trela hakikubana vizuri kile kichwa cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya pikapu. Nilikuwa nimeweka kufuli juu ya muungano ambao haukuungana sawasawa.

Farasi yule hakuwa akiogopa kuanguka tu. Alikuwa akifukuzwa na makufuli yangu tangu tulipotoka nyumbani.

"Uko sawa huko, farasi?" dada akauliza kwa dirisha alipozunguka mara nyingine.

Nikamwambia asimame. Nilitoka na hasira, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Fundi wa kuchomelea wa Gakindu alibadilisha kichwa cha mviringo tukapata cha ukubwa unaolingana na kikombe. Akatuonyesha hatua ambayo sasa sisafiri bila kuifanya: ukishaunganisha, unazungusha lile gurudumu dogo la mbele la trela kana kwamba unataka kuliinua. Sehemu ya nyuma ya pikapu ikiinuka pamoja nalo, muungano umeshika. Trela likichomoka, afadhali limechomokea hapo nyumbani. Minyororo ya usalama tukaifanya miwili, ikapishana chini ya shingo ya trela ili ikitokea limechomoka lisichimbe lami, tukaivisha vipande vya tyubu ya baiskeli isipige kelele. Waya mwembamba unaovuta breki za trela likiachana na gari nilikuwa nimeutundika kwenye kile kichwa cha mviringo, kwa sababu ulionekana nadhifu hapo. Tukauhamishia kwenye mwili wa pikapu, ili kichwa hicho kikichomoka breki bado zivutwe. Nikachonga kabari kutoka mti wa mukima uliokatwa kando ya kahawa yetu. Kwenye milango, badala ya makufuli, fundi aliweka pini nene zenye klipu, kila moja na mnyororo wake mfupi ili isipotee. Zinatoka kwa kidole.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa kamba. Kati ya pete na kamba ya farasi niliweka kitanzi cha uzi wa katani, ule wa kufungia nyasi kavu. Akivuta kwa nguvu, uzi unakatika kabla shingo yake haijaumia. Nilichelewa kuukubali. Mtu aliyelelewa kama mimi hafurahii kununua kitu kwa sababu kinakatika. Kisha nikajifunza fundo jipya, lile ambalo ukivuta ncha yake linafunguka lote kwa mara moja. Nililifanyia mazoezi kwenye kamba ya mama ya kuanikia nguo, na siku moja mashuka yote yakalala kwenye matope. Mama alisema kama hiyo ndiyo shule ya farasi, nirudi nifue. Nikafua.

Kisha nikaacha trela wazi uani, kabari zikiwa kwenye magurudumu, na nikamwekea farasi chakula chake karibu na mlango, halafu kwenye mlango, halafu ndani. Sikumvuta. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kurekebisha chochote. Asubuhi moja niliposikia kwato zake kwenye mpira wa ndani sikugeuka. Alikula, akatoka, akarudi mwenyewe. Mama alikuwa akikama ng'ombe akanong'ona, "Baba, ameingia," kana kwamba sauti kubwa ingemtoa.

Nilimpigia mama wa Nanyuki na kumweleza kila kitu, pamoja na panga. Nilidhani ataniambia nimrudishe. Akauliza kama anakula akiwa ndani. Nikasema anakula. Akauliza anasimamaje kwa miguu ya nyuma. Nilikwenda kuangalia na simu sikioni: alikuwa ameupumzisha mmoja, ncha ya kwato ikigusa chini, kama mtu anayeegemea ukuta akipiga gumzo.

"Basi mwache hapo," akasema.

Tulifika Nyeri kabla shule hazijafungwa. Dada aliendesha polepole mpaka watu wa bodaboda wakatupita wakitusalimia, na kwenye mteremko ule akapunguza mwendo zaidi. Nilipovuta pini na kushusha mlango, farasi alikuwa amesimama kimya, uzi wa katani haujakatika. Mtoto wa kwanza kupanda alikuwa msichana ambaye shingo yake huanguka upande mmoja. Alimshika farasi manyoya ya shingoni kwa mkono mmoja. Mwalimu mkuu alitembea upande wake, mimi mbele na kamba. Sikuthubutu kugeuka mara nyingi kutazama, lakini mwalimu aliniambia, "Ameinua kichwa," na sauti yake ilitosha.

Bado narudi kuangalia mlango wa banda. Hilo halijaniacha. Lakini makufuli ya mlangoni niliyatoa, moja likaenda kwenye banda la kuku la mama. Kufuli la shingo na chuma cha gurudumu navifunga trela likiwa tupu, limeegeshwa. Farasi akiwa ndani, hakuna kitu kwenye trela ambacho siwezi kukifungua kwa mkono mmoja, na dada yangu anajua kukifungua pia.