Bila Bima Hatupigi Kasia

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwanangu, na bado naiona vizuri kama ninavyoiona sura yako: wanawake wa kikundi chetu tumekaa mchangani, makasia yamelala mapajani, na hakuna hata mmoja anayeingia kwenye mtumbwi.

Ngoja nikueleze tulifikaje pale. Mimi ni mtu wa Didia. Kwetu ni mpunga, pamba na ng'ombe, na maji mengi niliyoyajua nikiwa msichana yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Mume wangu alipokwenda kuchimba dhahabu Geita nilimfuata. Machimbo yalipomchosha tukahamia ziwani, nikaanza kuuza dagaa. Hapo mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhusha dagaa, ndipo nilipojifunza kupiga kasia, nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Tulikuwa wauza dagaa na wake za wachimbaji. Jioni, tukishaanua dagaa, tulishindana kwenye mitumbwi ya kuazima na kucheka mpaka mbavu zikauma. Wanaume wakasema ziwa halitaki wanawake. Tukawaambia liseme lenyewe.

Kelele zetu zikamfikia Bosi Lugembe, mnunuzi wa dhahabu wa Katoro. Akatununulia mtumbwi mrefu wa mashindano na jezi za njano, akatangaza mbio za mitumbwi mwaloni petu. Hapo ndipo nilipouliza kwenye kikao swali ambalo lilinifanya nichekwe wiki nzima. Niliuliza: siku tukimgonga mtu aliyekuja kutazama tu, nani atamtibu?

Bosi akacheka. "Kabula, bima ni ya magari. Mtumbwi una breki gani?"

"Kwa kuwa hauna breki ndiyo maana nauliza," nikamjibu.

Unajua, mwanangu, swali lile sikulitoa hewani. Nilipokuwa mdogo dume letu la ng'ombe lilimchoma jirani pembe pajani. Baba hakungoja kuitwa na wazee. Siku ile ile aliswaga mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mpaka kwa jirani, akasema, "Dume ni langu, na kidonda ni changu pia." Mimi nilikuwa nyuma yake nikilia, maana yule mtamba nilikuwa nimempa jina. Baba akanigeukia: "Usilie. Mtu akikosa cha kulipa, ndipo anapoanza kusema uongo." Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikawaambia wenzangu kwamba sisi hapa mwaloni hatuna mitamba, basi tukate bima ya dhima kwa umma, ile inayomlipa mtu wa nje tukimuumiza kwa uzembe wetu. Nikaongeza kwamba itulinde na sisi kwa sisi, mwanachama akimpasua mwenzake kichwa kwa kasia.

Nkwimba, aliyekuwa akishika kasia la nyuma na kuuongoza mtumbwi, alinipinga kuliko wote. Rafiki yangu yule alikuwa na mikono ya chuma na mdomo wa chuma. Alisema nawatisha watu, nawaletea mkosi. Lakini nilipokaa mchangani ile Jumamosi, Bosi amekuja kutazama mazoezi, na kusema bila bima sikanyagi mtumbwi, mmoja akaja kukaa kando yangu, akafuata mwingine, mpaka Nkwimba akabaki amesimama peke yake majini, kasia mkononi, anatukana. Mwishowe akatema mate, akaja kukaa. Bosi aliondoka na gari lake akitutimulia vumbi. Tukachanga wenyewe kutoka kwenye dagaa, tukaenda mjini Geita, tukakata bima.

Siku ya mbio mwalo ulijaa. Walikuja mpaka watu wa mbali kama Kagongwa. Kamba ilifungwa ufukweni, watazamaji wakae nyuma yake, na nyuma ya kamba hiyo Mama Milembe, mjane mmoja mzee, alikuwa ameweka jiko lake la chai na maandazi. Tulikuwa wa pili. Karibu na mwisho Nkwimba akaona nafasi upande wa nchi kavu, akaugeuza mtumbwi ghafla ili tuwapite wale wa mbele. Tuliwapita kweli. Lakini mtumbwi ulikuja na kasi yake yote, ukapanda mchanga, ukakata kamba, ukamkumba Mama Milembe pale alipokaa. Mguu wake ulivunjika chini ya goti. Nilisikia sauti yake kabla sijauona mguu.

Alipokwishapakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali, Bosi alituita nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa.

"Sikilizeni. Yule mama alivuka kamba. Wote mmeona alivuka kamba. Na asithubutu mtu kwenda kumwona, kumwona ni kukiri kosa."

Nkwimba alikuwa amesimama na kasia lake mkononi. Ningemhurumia hata kama angekubali. Uongo ule ulikuwa umetengenezwa kwa ajili yake, umtoshe kabisa.

"Hakuvuka," nikasema.

"Mtumbwi ni wangu, Kabula. Jezi ni zangu."

"Chukua."

Akawatazama wengine akitafuta wa kumuunga mkono. Nkwimba akafuta uso kwa mkono wa jezi. "Mimi ndiye niliyegeuza," akasema. "Mama wa watu alikuwa amekaa na maandazi yake. Sitamsingizia, bosi. Chukua mtumbwi wako."

Na hatukumngoja aje kuuchukua, mwanangu! Tuliuinua mtumbwi ule begani, wanawake wale wote, tukaupandisha kilima huku tukiimba nyimbo za kulima za Kisukuma, tukaulaza mbele ya geti la nyumba aliyopanga pale mwaloni. Jezi tukazikunja, tukaziweka ndani yake. Wachuuzi walisimama kutazama. Kuna aliyetuita wajinga. Tukaimba kwa sauti zaidi.

Kesho yake wakala wa bima, binti mmoja mpole aliyevaa viatu visivyofaa mchangani, alitusikiliza akatuambia: semeni kilichotokea kama kilivyotokea, msiahidi kiasi chochote, hilo ni la kampuni. Nikamuuliza kama kumpa mgonjwa pole kumekatazwa. Akasema, "Nani anaweza kukataza pole, mama?"

Tukaenda, mimi na Nkwimba, tumebeba uji.

"Shikamoo, mayu," tukasema kwa heshima ya mama.

"Marahaba. Mmetumwa na nani? Na yule tajiri?"

"Tumekuja wenyewe."

"Huo uji kunyweni ninyi kwanza."

Tukanywa mbele yake, aibu imetujaa. Nkwimba akamweleza yote, hakuficha hata kidogo. Mama Milembe alimkaripia kwa Kisukuma kwa muda mrefu, na Nkwimba aliinamisha kichwa akapokea kila neno. Kisha mama akanyoosha mkono kuomba kikombe.

Sitakudanganya kwamba bima ililipa kama mvua inavyonyesha. Walituuliza maswali, wakauliza tena. Tulipanda na kushuka mjini mpaka makonda wakatuzoea. Kila walipotusukuma tulirudi. Mwishowe walilipa matibabu yake yote na biashara aliyoikosa alipokuwa kitandani, akarudi kwenye maandazi yake akitembea kwa mkongojo, baadaye bila mkongojo. Sisi tukarudia mitumbwi ya kuazima. Mbio zilizofuata tulishika mkia, na tulifika tukiimba.

Sasa nasikia ninyi vijana wa kikundi mnasema bima ifutwe, eti miaka imepita na hakuna aliyeumia. Mnasema kuna mfadhili mpya, anataka mambo yaende haraka. Mwanangu, kataa. Simama kikaoni ukatae, hata kama utakataa peke yako. Cheza majini kwa moyo wote, lakini usicheze kwa mifupa ya mtu aliyekuja kutazama. Soma mkataba kabla ya kuusaini, uliza unamlinda nani na unamwacha nani, na mwanachama mwenzako asisahaulike. Ajali ikitokea, toa taarifa mapema, sema kweli, usiahidi kisicho chako, na nenda ukatoe pole. Atakayekuambia uongo ni nafuu, mrudishie mtumbwi wake.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mwenyezi Mungu akupe mabega mapana na sauti isiyokatika. Akurudishe ufukweni kila jioni ukiwa mzima, na kila uliyepita karibu naye arudi kwao mzima pia.